Kitunga cha Majani Makavu

Asubuhi ile nilitoka bila mpango wowote. Nilikuwa nimemaliza uji, nikaweka kikombe dirishani, nikaona mlango uko wazi, nikapita. Mimba yangu ilikuwa imeingia mwezi wa tano. Ukungu wa Butembo ulikuwa bado umelala mabondeni, na mikaratusi ya juu ya kilima ilionekana kama imeota hewani, bila mashina. Sikujua kama naenda kulia au kushoto. Nilijua tu kwamba sitaki kurudi kwenye kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa kizuri. Mume wangu ni seremala, na alianza kukitengeneza siku ileile nilipomwambia nina mimba. Kilikuwa na mahali pa kulaza mikono, mgongo wake ulilala nyuma kidogo, na miguu yake minne haikujua kutikisika. Mama yake, ambaye tuliishi katika uwanja wake, alikiweka barazani mahali ambapo angeweza kuniona kutoka jikoni. Alikuwa akipita na ndoo ananiambia, "Kaa." Akirudi na kuni, "Kaa." Akinikuta nimesimama, "Unasimama sababu ya nini? Kiti kinakuuma?"

Hakuwa mtu mbaya. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mimba ya miezi minne, na wakati ule nilikuwa njiani, kama kawaida yangu. Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda mrefu. Nimeuza samaki wa chumvi Mangina, nimepikia wajenzi kule Mavivi, nimefuata mavuno ya mpunga na ya maharagwe kwa watu nisiowajua. Mume wangu alinikuta nauza parachichi kando ya karakana yake, akadhani akinioa nitatulia. Mimba ile ya kwanza ilitoka nikiwa Mangina, mbali naye. Hakuna aliyenilaumu kwa sauti. Lakini ya pili ilipoingia, kiti kilikuwa tayari kabla tumbo halijaonekana.

Nilimtaka mtoto huyu. Mama mkwe naye alimtaka. Tofauti yetu ilikuwa kwamba yeye aliamini miguu yangu ndiyo iliyomuua wa kwanza, na mimi sikujua kama ni kweli.

Mama mkwe alikuwa akienda shambani asubuhi na mapema, akarudi jua likiwa limepanda. Kwa hiyo nilikuwa na muda. Miguu ilinipeleka chini hadi kwenye daraja la miti, ikanipandisha upande wa pili, na nilipoinua macho nikajikuta nyuma ya kituo cha afya, ambako wanawake wenye matumbo walikuwa wamekaa juu ya mabenchi, wakimsikiliza muuguzi. Haikuwa siku yangu ya kupimwa. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye jiwe.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu iliyochomekwa katika nywele. Alikuwa anatembea mbele ya mabenchi kama mtu anayepima kiwanja.

"Mimba haiko ugonjwa," alisema. "Kama uko muzima, kama hauone damu, kama haiko maumivu, na kama shiye hatukukukataza hapa, utembee. Kila siku, nusu saa. Utembee mupaka pumzi iongezeke, lakini uweze bado kuongea na mwenzako."

Mwanamke mmoja wa benchi la mbele aliangua kicheko. "Mama infirmière! Mi natoka na mihogo kwa mugongo tangu saa kumi na moja ya asubuhi. Niongeze tena nusu saa?"

Wote wakacheka, na muuguzi pia.

"Weye upunguze," alimjibu. "Ile ni muzigo, haiko mazoezi. Muzigo unakukamua. Mi niko nasema kutembea mwepesi, bila kitu."

Nikainua mkono. Shuleni mwalimu alikuwa ananiambia niushushe, kwa hiyo hadi leo nikiuinua huwa nauinua sana. "Na mutoto, yeye anapata nini?"

Alinitazama, akaona sikuwa kwenye orodha yake, akanijibu hata hivyo. Alisema moyo wa mama ukizoea kazi, damu inazunguka vizuri na mama anapata usingizi na nguvu za kuzaa. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia popote. Alisema kuna watafiti wa nchi za mbali waliotaka kujua kama mazoezi ya mama yanafika hadi kwenye ubongo wa mtoto. Walichukua watoto wa siku chache tu, wakawavalisha kofia laini yenye nyuzi, wakangoja walale, kisha wakawapigia sauti ndogondogo. Zile nyuzi zilisikia jinsi ubongo unavyojibu. Watoto ambao mama zao walifanya mazoezi, ubongo wao ulijibu kama wa mtoto aliyekomaa kidogo zaidi.

"Basi batakuwa na akili mingi?" aliuliza yule wa mihogo.

"Hapana. Sijasema vile. Balionyesha kitu kidogo, siku zile za kwanza. Mbele yao hakuna mutu anaijua. Mi nasema tu: kutembea hakumuzuru mama muzima, na pengine kunamusaidia mutoto."

Nilirudi nyumbani na ile "pengine" yake. Niliipindua na kuipindua. Mtu analala, na wewe unamsikiliza kichwani? Unasikia nini? Kama maji? Kama redio iliyopoteza stesheni? Na mtoto aliye tumboni, kichwa chake kinajengwaje gizani, na kinajuaje kwamba leo mama yake amepanda kilima?

Siku ya tatu nilikwenda kwa mchinja mbuzi wa sokoni nikamwomba anionyeshe ubongo.

"Unanunua?"

"Naangalia tu."

"Mama, tumbo yako inatamani kuangalia, mudomo hautamani kula?"

Lakini alinionyesha. Alipasua kichwa cha mbuzi kwa pigo moja, akakishika kama mtu anayefungua yai. Ubongo ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, umejikunja na kujikunja kama nguo iliyobanwa katika sanduku dogo. Niliuliza kwa nini umejikunja. Akasema ni vile Mungu alivyoupanga, halafu akaniuliza tena kama nanunua. Nilisimama pale hadi wateja wa kweli wakanisukuma. Jioni nilimweleza mume wangu, naye akasema ukitaka mkeka mpana uingie chumba kidogo, lazima uukunje. Lile ndilo jibu bora nililopata kwa mtu yeyote.

Basi nikaanza kutembea kila asubuhi. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo muuguzi hakulifikiria, labda kwa sababu yeye hutembea amevaa koti jeupe.

Butembo ni mji wa mizigo. Kila anayepanda kilima amebeba kitu, na kila anayeshuka anakwenda kukichukua. Wanaume wanasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na kanyagio, zimejaa makaa hadi huwaoni wao wenyewe. Wanawake wanabeba mgongoni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza. Mtu akikutana nawe hutazama kwanza ulichobeba, na hicho kinamweleza unakotoka, unakokwenda na kama inafaa kukusimamisha. Mtu asiyebeba kitu ni kama barua isiyo na anwani. Kila mmoja anataka kuifungua.

"Wabukire," jirani alinisalimu kwa Kinande, kisha akaingia Kiswahili haraka ili aniulize vizuri. "Unaenda wapi?"

"Natembea."

"Unaenda kutembelea nani?"

"Hakuna mutu. Natembea tu."

Alitazama tumbo, akatazama mikono yangu mitupu. "Mulipigana na bwana?"

"Hapana, mama."

"Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia sawa yoyote.

Mwanamume wa chukudu alisimamisha chombo chake katikati ya mteremko, jambo ambalo si rahisi, akajitolea kunifikisha kwa wazazi wangu kama nimefukuzwa. Mwingine alitaka kujua kama nimeibiwa. Alasiri ya siku ya nne ya matembezi wanawake watatu wa kwaya ya kanisa letu walikuja nyumbani na sabuni na kilo ya mchele, wakakaa barazani, wakaanza kuombea ndoa yangu. Mume wangu alirudi kutoka karakana, vumbi la mbao kichwani, akakuta jina lake likitajwa mbele za Mungu. Alivua kofia akangoja waseme amina. Baadaye aliniuliza amekosa nini.

Mama mkwe hakuuliza. Alisema, "Kaa," na safari hii alilisema taratibu zaidi.

Ndipo nikatafuta kitunga. Palikuwa na kikubwa jikoni ambacho hakikutumika, chenye kamba yake. Nilikijaza majani makavu ya migomba hadi juu, nikafunika kwa kitambaa, nikapitisha kamba kwenye paji la uso. Kilikuwa chepesi kama mto wa kulalia. Kesho yake nikatoka.

Ilikuwa kama nimepotea machoni pa watu. Hakuna aliyenisimamisha. "Courage, mama," walisema na kupita. Yule jirani aliyeniuliza kuhusu ugomvi alinipungia mkono bila kusimama. Mwanamke mwenye tumbo kubwa na mzigo mkubwa zaidi, akipanda kilima chenye utelezi, hakumshangaza mtu hata mmoja. Mikono mitupu ndiyo iliyowatisha. Nililifikiria jambo hili kila asubuhi nikitembea na sijalimaliza bado.

Nilitembea hivyo zaidi ya mwezi mmoja. Nilijifunza njia za nyuma ya soko, nikajua ni wapi saruji inauzwa na ni wapi mbwa wamefungwa. Nilikuwa napanda hadi pumzi iongezeke, kisha najaribu kuongea peke yangu ili nijue kama bado naweza. Nilimweleza mtoto tulichokuwa tunakiona. Sikujua kama anasikia, lakini nilifikiri kama ubongo unajengwa, basi usijengwe kimya.

Halafu mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi kilima kilikuwa sabuni tupu. Nilikuwa napanda polepole, nikichagua mahali pa kukanyaga, nikasikia nyuma yangu sauti ya kiongozi wa kwaya, mama mnene, mwenye moyo mwema, aliyetoka kununua unga.

"Ee! Mukamwana wa batu!" Hivyo ndivyo kwetu unavyomwita mke wa mwana wa mtu. "Na tumbo kama ile, na muzigo kama ule, na matope kama haya! Leta hapa."

"Hapana, mama, naweza."

"Leta, nakuambia! Bataniona namna gani kwa kanisa?"

Alikuwa amekwisha kushika kitunga kwa mikono miwili. Alipanua miguu, akavuta pumzi, akakaza mgongo kwa ajili ya mzigo wa mihogo, akanyanyua kwa nguvu zake zote. Kitunga kiliruka. Naye akarudi nyuma hatua tatu, akakaa kwenye matope, kitunga kifuani, majani makavu yakimwangukia kichwani na mabegani.

Aliokota jani moja, akaligeuza.

"Hii ni nini?"

"Majani, mama. Samahani."

"Naona majani. Ni ya dawa?"

"Hapana."

"Unapelekea nani?"

"Sipelekee mutu. Narudi nayo nyumbani."

Nilijua, hata kabla sijamaliza kusema, kwamba nimechagua jibu baya kuliko yote. Aliniomba nimsaidie kusimama, akajipangusa, akaniaga kwa adabu sana, akashuka kilima upesi kuliko mtu wa umri wake anavyopaswa kushuka kwenye matope.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama mkwe alikuwa amesimama uwanjani, jembe bado mkononi, udongo wa shamba kwenye miguu.

"Nakuuliza na upole," alisema. "Nani alikutuma uzungushe majani makavu muji muzima?"

"Hakuna mutu, mama."

"Hakuna mutu. Mukamwana wangu anabeba majani, anayatembeza, anayarudisha kwangu. Batu banauliza kama ni uchawi. Nibajibu nini?"

"Ni mazoezi."

"Mazoezi! Uko soldat wa jeshi?"

Nikamweleza yote, muuguzi, kofia ya nyuzi, watoto waliolala. Nilieleza vibaya, maneno yakikanyagana. Mwisho nikasema, "Ni sababu mutoto apate kichwa kizuri."

"Kwanza kizaliwe," alisema.

Hakupaza sauti. Alisema tu. Na mimi niliweka mkono tumboni kama nilivyozoea, kwa sababu saa ile mtoto alikuwa na desturi ya kupiga teke. Nilingoja. Nikahamisha mkono upande wa pili. Nikangoja tena.

"Ni nini?" aliuliza mama mkwe.

"Hachezi."

"Tangu saa gani?"

"Tangu nitoke asubuhi."

Jembe lilianguka chini. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia hadi barabarani, akasimamisha pikipiki kwa kusimama mbele yake, akanipandisha, akapanda nyuma yangu, akanizungushia mikono yote miwili chini ya tumbo. "Ukiangukia hata shimo moja," alimwambia dereva, "utaniona." Dereva alituendesha kama amebeba mayai. Niliwaza mji wote niliouzunguka kwa miguu, kila kilima nilichokihesabu kuwa zawadi kwa mtoto, na sasa kila kimoja kikawa kitu kingine. Mgongoni nilisikia moyo wa mama mkwe ukipiga kwa nguvu kuliko wangu.

Muuguzi alinilaza, akachukua kile kifaa cha mbao kinachofanana na tarumbeta ndogo, akaweka upande mmoja juu ya tumbo na sikio upande wa pili. Akafumba macho. Akahamisha. Akahesabu akitazama saa. Mama mkwe alikuwa amesimama ukutani, ameshika kitenge chake kwa ngumi mbili.

"Iko," alisema muuguzi. "Inapiga muzuri. Mama, njoo usikilize."

"Mi?"

"Weye."

Aliinama. Mwanzoni alisema hasikii kitu, isipokuwa tumbo la mukamwana wake lenye njaa. Muuguzi akamsogezea kile kifaa kidogo. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Kama mutu anakimbia," alisema, bila kuinua kichwa.

Muuguzi akatueleza kwamba mama akitembea, mtoto hubembelezwa na mara nyingi hulala, na mama akipumzika ndipo huamka. Pia alisema mama mwenye shughuli hasikii kila teke. Lakini alinishika mkono akaniambia nimefanya vema kuja, na kwamba siku yoyote nikiona mtoto amepunguza kucheza, nisingoje hata kidogo, nije. Alinipa chai yenye sukari, akanilaza ubavu wa kushoto. Kikombe kilikuwa hakijaisha mtoto aliponipiga teke kwa nguvu hivi kwamba chai ilimwagika kwenye shuka ya kituo.

Nilidhani sasa tutakwenda nyumbani. Mama mkwe hakuondoka. Alivuta kiti akakaa mbele ya muuguzi.

"Mi nilibeba mihogo na mimba saba," alisema. "Kutoka shamba mupaka soko, na kamba kwa kichwa. Batoto bane tu njo balibaki."

Sikuwa nimejua. Mume wangu naye, nilikuja kufahamu, hakujua hesabu kamili.

Muuguzi alitoa kalamu katika nywele, akaiweka mezani.

"Ni mihogo ilibauwa?" aliuliza mama mkwe.

"Sijue, mama. Muzigo muzito na mimba havipatane, ile nasema kila siku. Lakini kusema ni ile ilibauwa, siwezi. Mimba zinatoka kwa sababu mingi, na mara mingi sababu hatuione."

"Na ile ya huyu? Ya Mangina?"

"Kutembea tu, bila muzigo, hakutoe mimba ya mama muzima. Ile naweza kukuambia."

Niliona kwamba maneno yale yalikuwa yangu pia, nikayapokea nikiwa nimelala ubavu, uso ukutani.

"Na bale bangu bane balizaliwa," alisema mwishoni, "bichwa yabo ilipata nini? Mi sikutembea mwepesi hata siku moja."

"Hakuna mutu alibavalisha kofia, mama. Bako namna gani?"

"Bazima. Bwana ya huyu anapima mbao na macho tu, bila mètre."

"Basi, mama," alisema muuguzi.

Huwa narudi kwenye mazungumzo yale. Hata leo, ninapoandika haya, mtoto amekaa karibu yangu akijaribu kuingiza kizibo cha chupa katika sikio lake, na siwezi kusema kama ile "pengine" ilimwongezea kitu. Namtazama akilala, naona macho yakitembea chini ya kope, natamani ningekuwa na ile kofia kwa dakika tano. Sina. Ninachojua ni kile tu ninachoweza kukiona kwa nje, kama watu wote.

Tulirudi kwa miguu siku ile. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeikataa pikipiki. Tulitembea polepole, mikono yetu minne mitupu, na kwenye daraja jirani alitusimamisha akauliza tunakwenda wapi. Mama mkwe, mtu ambaye tangu ujana wake hakuwahi kupita njia ile bila jembe au kuni, alitazama mikono yake mitupu. Kisha akasema, "Tunatembea," kwa sauti ya mtu anayekiri kosa dogo. Jioni aliyatoa majani kwenye kitunga, akawashia moto, akakirudisha kitunga mahali pake.

Baada ya wiki mbili mume wangu alipata kazi ya mabenchi ya kanisa huko Beni, kazi ya miezi mingi. Alitangulia na vifaa vyake, akawa analala katika karakana ya hukohuko, kati ya mbao. Muuguzi alinikubalia safari, mradi tusimame mara kwa mara ninyooshe miguu. Siku barabara ilipokuwa shwari nikafunga nguo zangu. Mama mkwe naye alikuwa amefunga zake.

"Unaenda wapi, mama?" nilimuuliza.

"Beni. Nani atachagua nyumba? Weye? Utachagua njia, si nyumba."

Yeye hakuwa amewahi kuishi Beni. Mimi nilikuwa nimepita tu, nikielekea Mavivi au Mangina. Tulishuka garini mchana, tukakutana na joto ambalo Butembo hailijui, na mji uliolala tambarare, kakao ikikaushwa juu ya maturubai kando ya barabara, ikinuka kama pombe changa. Mume wangu alikuja kutupokea na vumbi lake kichwani. Alikuwa ametafuta vyumba viwili katika komini ya Ruwenzori ili mama yake achague.

Cha kwanza kilikuwa ndani ya ua wenye ukuta mrefu, bomba la maji mlangoni, uwanja umepigwa saruji. Hospitali ya uzazi ilikuwa ng'ambo ya barabara, ungeweza kuwaita wauguzi ukiwa kitandani. Mwenye nyumba alikuwa na fahari nacho.

"Hapa mama hatasumbuka hata kidogo," alisema. "Kila kitu kiko ndani. Hata nje hatatoka."

Nilitazama ule ukuta, nikamtazama mama mkwe. Nilijua nyumba imepatikana. Hata mimi nisingeweza kumlaumu. Yeye alizunguka uwanja mara moja, hatua chache, akafika alipoanzia.

"Na atatembea wapi?" aliuliza.

"Atembee aende wapi, mama? Kila kitu kiko hapa."

"Wasingya," alimshukuru, akatoka.

Cha pili kilikuwa mbali, mwisho wa njia ya mchanga iliyopita kati ya michikichi. Mwenye nyumba, mjane anayeuza mawese, aliuliza tunatoka wapi, tunasali wapi, akatuambia kesho lazima tujionyeshe kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa ule. Kisha alitufungulia mlango. Chumba kilikuwa kikubwa, chenye dirisha moja na sakafu ya udongo iliyosuguliwa vizuri.

"Shida yake ni moja," alisema akitazama tumbo langu kwa huruma. "Soko iko mbali, na consultation ya mimba iko mbali, na pikipiki hazipende hii muchanga. Mara mingi mutatembea na miguu."

Mama mkwe alirudi mlangoni akaitazama njia, huku na huku, kwa muda mrefu.

"Iko na kilima?"

"Hapana, mama. Ni sawasawa mupaka barabara."

"Na kivuli?"

"Ya michikichi, mupaka kwa barabara."

"Batu ba hapa banauliza-uliza?"

Mjane hakuelewa swali. Mume wangu alitazama chini, akizuia kicheko.

"Tunachukua," alisema mama mkwe.

Tukaingiza vitu. Mume wangu alianza kupima ukuta kwa macho ili ajue kitanda kitakaa wapi. Mimi nikachukua ufagio. Mama mkwe alifungua mkeka wake, akaujaribu pembeni, akaukunja, akaujaribu chini ya dirisha, mwisho akautandika mlangoni kabisa, ukiwa umeziba kizingiti kutoka upande hadi upande.

"Mama, hapo tutakukanyaga," alisema mume wangu.

"Ndiyo vizuri," alisema, akivua viatu na kuviweka tayari kichwani mwa mkeka, vikiwa vimeelekea nje. "Akitoka asubuhi, anikanyage, niamuke. Tutatoka wote."